Dashibodi ya Benzi ya mzee: kutoka nyufa hadi floki

Gari ni Mercedes-Benz W123, 200 ya petroli, ya mwaka 1982. Aliinunua baba, na tangu afariki inalala nje hapa Tanga, chini ya mwembe ambao kivuli chake kinaisha saa tano asubuhi. Baada ya hapo jua linapiga kioo cha mbele mpaka magharibi. Dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupata joto la sentigredi 70, na hii imepikwa hivyo kwa miaka mingi. Nimehesabu nyufa tisa. Mrefu kuliko zote unaanzia kwenye tundu la spika la kushoto, unapita juu ya kidroo cha abiria, unaishia karibu na matundu ya upepo ya katikati. Wanaozijua W123 wataniambia zote hupasuka hapohapo, na ni kweli.

Chanzo si jua peke yake. Ngozi ya dashibodi ni PVC iliyochanganywa na mafuta ya kuilainisha, na chini yake kuna sponji. Joto linayatoa yale mafuta kidogo kidogo (ule ukungu unaonata kwenye kioo kwa ndani ni hayo), ngozi inakauka, inasinyaa, inachanika pale ilipo nyembamba au penye tundu.

Fundi viti wa mtaani alitaka kuivisha ngozi ya bandia. Anashona vizuri sana, lakini nilikataa kwa sababu moja: nikitoka mjini kwenda Muheza jioni jua liko usoni, na dashibodi inayong'aa inajichora yote kwenye kioo. Nikachagua floki, ambayo haing'ai. Ni nyuzi fupi za nailoni, zangu ni za nusu milimita, zinazosimamishwa juu ya gundi mbichi hadi uso uwe kama mahameli. Magari ya rali hupigwa floki nyeusi kwenye dashibodi kwa sababu hiyohiyo, dereva aone barabara.

Wiki ya kwanza: kufungua

Siku nzima, na nusu yake ilikuwa kuogopa. Mita za mbele ya dereva zinavutwa tu kwa mkono, hazina skrubu, lakini nyuma yake kuna kebo ya spidi na kipaipu chembamba cha plastiki kinacholeta oili kutoka kwenye injini mpaka kwenye geji. Kipaipu hicho kina umri wa gari. Kikikatika, oili inamwagika miguuni mwa dereva. Nilikifungua kwa spana ndogo taratibu, nikakiziba kwa kitambaa, nikapiga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Skrubu niliziweka kwenye trei ya mayai, kila shimo nikaliandika.

Wiki ya pili: nyufa

Hapa ndipo kazi ilipo. Floki haifichi kitu. Nyuzi zinafuata umbo la chini yake, na ufa uliozibwa vibaya utaonekana kama kovu.

Kwanza niliosha. Baba alipenda kuipaka dashibodi dawa ya kung'arisha kila Ijumaa, na dawa hizo zina silikoni ambayo hakuna gundi inayoipenda. Nilisugua kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mara tatu, kisha spiriti, mpaka tone la maji likatandaa badala ya kujikunja.

Mwisho wa kila ufa nilitoboa tundu la milimita 2 ili usiendelee kutembea, kisha nikaupanua kwa kisu uwe na umbo la V. Kingo zilizonyanyuka nilizikata kabisa. Ukizilaza kwa gundi zitanyanyuka tena juani. Kujazia sikutumia puti ya bodi, maana ikikauka inakuwa ngumu kama sahani na sponji inacheza chini yake. Nilitumia gundi ya poliyurethani, ile wanayobandikia vioo vya magari, ambayo inabaki laini kama mpira. Nilijaza mara mbili, kila mara nikisubiri siku mbili. Kisha msasa namba 80, halafu 180. Nikafumba macho nikapitisha kiganja. Mkono ulikuta mabonde mawili ambayo macho hayakuyaona, nikarudia.

Wiki ya tatu: jaribio lililoharibika

Mashine ya kupigia floki inatoa umeme wa volti makumi ya maelfu. Mimi nilitumia raketi ya kuulia mbu: waya mmoja nikaufunga kwenye chujio la chai la chuma, nyuzi ndani ya chujio. (Atakayejaribu ajue kapasita ya raketi inabaki na chaji hata ukiizima. Zigusanishe nguzo zake mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kabla ya kuweka mkono.) Nikapaka gundi kifuniko cha kidroo, nikatikisa. Nyuzi zikaanguka zimelala, nyingine zikiwa mabonge. Ilionekana kama blanketi lililonyeshewa.

Nilikwenda kwa mzee anayetengeneza redio Ngamiani. Aliangalia raketi, akaangalia kifuniko, hakucheka.

"Mwanangu, waya wa pili umeufunga wapi?"

"Haujafungwa popote, mzee. Ile si plastiki?"

"Plastiki haipitishi, sawa. Lakini gundi yako si ya maji? Ikiwa mbichi inapitisha. Choma pini ndani ya gundi, pini ifunge na waya."

Hayo tu. Nyuzi zinasimama kwa sababu zinavutwa kutoka chujio kwenda kwenye gundi kwa mvuto wa umeme ulio kati yake, na mimi sikuwa nimeupa mvuto huo pa kuishia.

Mabonge ni habari nyingine. Nailoni hunywa unyevu. Ikiwa kavu sana haibebi chaji vizuri, na ikiwa na unyevu mwingi inashikana, na hewa ya pwani tunaijua. Nilizianika nyuzi kwenye sinia chumbani kwa saa mbili, nikazichekecha kabla ya kutumia. Kifuniko cha pili kilitoka vizuri hadi mama alikishika akauliza kama ni kitambaa.

Wiki ya nne: siku yenyewe

Stoo niliifunga pande zote kwa karatasi ya nailoni, feni imezimwa, na nikavaa barakoa ya vumbi ya kubana usoni, si kitambaa. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Marekani na Kanada waliwakuta wafanyakazi wa viwanda vya floki ya nailoni wakiwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi lake. Mimi napiga siku moja tu, lakini sikutaka kuwa na vumbi hilo kifuani, wala watoto wapite karibu.

Gundi nyeusi, rangi ileile ya nyuzi, kwa roli ndogo ya sponji. Ina dakika kama kumi kabla haijaanza kushika ngozi juu, kwa hiyo niligawa dashibodi vipande vitatu, mipaka ikiwa kwenye matundu ya upepo ambako haionekani. Pini nilichoma ukingoni, utakaofichwa na raba ya kioo. Chujio sentimita kumi juu ya gundi, mkono unatikisa polepole, na nyuzi zinaruka zenyewe na kusimama kama majani ya mpunga. Nilitaka kuendelea kutikisa hata palipokwisha kujaa.

Zimetumika kama gramu 130, nyingi kuliko nilivyokadiria. Zilizobaki juu sijazigusa. Gundi inahitaji siku kadhaa kukomaa, na brashi ikipita mapema inang'oa.

Leo ni siku ya sita. Asubuhi nimepitisha brashi laini, nimekusanya nyuzi za ziada kwenye kopo. Sehemu moja ndogo karibu na spika ya kulia ni nyembamba, nitaipaka gundi kwa brashi ya rangi na kuipiga tena Jumamosi. Kipaipu cha oili nimekiagiza kipya Dar. Kikifika, mita zinarudi.