Pawasaplai niliyomuuzia mama wa stationari

Nina kauntabuku la kwaya tatu, jalada limeshachakaa kwa gundi na pesti ya kupozea prosesa. Mke wangu anaamini ni daftari la madeni. Kila mashine inayoingia kwenye kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, inaandikwa humo kabla sijashika bisibisi.

Zamani nilikuwa naandika baada ya kazi, tena kwa mkato: "Desktop. Pawasaplai. Imebadilishwa. 35,000." Nikijilinganisha na majirani wanaoweka kila kitu kichwani, nilijiona fundi makini. Kumbe nilikuwa naandika risiti tu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mwenye stationari karibu na shule. Februari alikuja na kompyuta yake kwenye bajaji, kaifunga na kanga. "Fundi, inajizima halafu inajiwasha, kama ina jini." Nikaichomeka, ikawaka, ikakaa saa nzima haina neno. Lakini kichwani jibu lilikuwa limeshafika: pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme, imechoka. Nikafungua, nikakuta vumbi na kapasita moja, kale kakopo kanakotunza umeme, imevimba kidogo juu. Au nilitaka iwe imevimba, siku hizi sina uhakika. Nikauza pawasaplai.

Aprili akarudi, jini lile lile. Nikachomoa ramu, zile kadi za kumbukumbu, nikazisugua miguu kwa raba, nikapuliza vumbi, nikabadilisha pesti. Kwangu ikafanya kazi siku mbili bila kusita. Juni nikamwona anashuka tena kwenye bajaji. Nikamwamkia, akaitika "Marahaba" ya kukata, akajikalia kwenye benchi. "Mwanangu, leo siondoki."

Nikafungua kauntabuku. Kurasa mbili, tarehe mbili, bei mbili. Hakuna saa. Hakuna alikuwa anafanya nini mashine ilipozima. Hata neno lake la jini sikuliandika, na lilikuwa na maana kuliko yote niliyoandika, kwa sababu jini huja kwa wakati wake.

"Mama, inazima saa ngapi?"

"Jioni."

"Kila jioni?"

"Jumapili haizimi. Shule ikiwa imefungwa haizimi."

"Wanafunzi wakitoka wanakuja kufanya nini kwako?"

"Si fotokopi! Na kulaminisha vitambulisho."

Nikafunga kibanda, nikabeba mita, tukapanda bajaji moja.

Chini ya meza yake kulikuwa na ekstensheni moja, waya mwembamba, umeungwa sehemu mbili kwa nailoni ya mfuko wa sukari. Humo ndimo ilimochomekwa kompyuta, mashine ya fotokopi na ya kulaminisha. Nikapima kwenye soketi ya ukutani saa kumi na moja jioni: volti 195, umeme mdogo wa jioni kama kawaida ya mtaa ule. Kibandani kwangu asubuhi napata 230. Nikahamishia mita mwisho wa ekstensheni, nikamwambia apige kopi. Mashine ya fotokopi ina rola ya moto inayoyeyushia wino kwenye karatasi, na rola ile ikianza kupasha inavuta umeme kwa pupa. Namba zikashuka: 190, 181, 173. Kompyuta ikazima puu, ikawaka tena. Plagi ya ekstensheni niliposhika ilikuwa moto, plastiki imeshageuka rangi ya chai.

Pawasaplai ya aina ile, ukiishusha chini ya volti 180 au karibu na hapo, haiwezi tena kushikilia volti 12 na 5 zinazotakiwa na bodi, kwa hiyo inajikata. Hata mpya. Hata ya zamani. Yaani mashine yake haikuwa na ugonjwa wowote tangu Februari.

Tangu siku hiyo nilichora upya mistari ya kauntabuku. Safu ya kwanza ni maneno ya mteja, vile vile alivyoyatamka. Inayofuata ni nilichokiona mwenyewe, kisha nilichopima, na namba zake. Ninachodhani kinakaa pembeni kabisa, kwa penseli.

Safu ya mteja ndiyo inayonichosha. "Haiwaki" peke yake nimeshaikuta na maana tano. Kuna haiwaki ya kimya, hata feni haizunguki. Kuna ya feni inazunguka, kioo cheusi. Kuna inayofika kwenye nembo ikaganda. Kuna inayolia, na hiyo nahesabu milio, mirefu na mifupi, naandika hesabu bila tafsiri, maana milio ile ile kwenye bodi nyingine ina maana nyingine. Na kuna kijana mmoja aliyeniletea laptop "haiwaki", kumbe kasahau nywila.

Namba nazo zinataka subira. Hata diski ikiniambia imehamisha sekta mbovu 8, yaani vipande vyake visivyoshika data vizuri tena, siogopi sana, naandika 8 na tarehe. Ikirudi baada ya mwezi bado ni 8, mteja aendelee na maisha yake. Juzi moja ilitoka 8 ikafika 212 katika wiki tatu. Sikungoja hata kuzungumza bei, nilianza kunakili mafaili kwanza.

Wadudu pia nawaandika. Mjusi kafiri aliyekaukia ndani ya pawasaplai nilimbandika kwa selotepu kwenye ukurasa wake, mke wangu akaacha kabisa kulifungua lile kauntabuku. Sikuwa wa kwanza. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walimtoa nondo kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) namba 70, wakambandika kwenye daftari lao la kazi, na pembeni wakaandika saa: 15:45. Mdudu wao anajulikana dunia nzima. Mimi nikiuangalia ukurasa ule, jicho linakwenda kwenye saa.

Mama wa stationari nilimtafutia fundi umeme, akamwekea soketi ya peke yake kwa ajili ya fotokopi, waya mnene. Ekstensheni tuliitupa. Pawasaplai yake ya zamani bado ilikuwa rafuni kwangu, nikaipima, nzima kabisa. Nikamwambia, mama, nikurudishie hii yako, nichukue ile mpya, na elfu 35 yako hii hapa. Akahesabu noti, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akasema ile mpya ibaki humo humo, maana feni yake haina kelele.