Makuta ya Julai

Simu iliita nikiwa na pini tatu mdomoni, mteja amesimama mbele yangu mikono juu, nampima kiuno. Nikaitikia kwa mguno. Alikuwa Mama Prezidenti, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, akihema kama mtu anayekimbia, ingawa namjua, lazima alikuwa ameketi.

"Mama Kesi, makuta imeingia!"

Nikatema pini. Dola 1,440, awamu ya kwanza ya ruzuku tuliyoiomba tangu Februari kwa ajili ya watoto 30 wa sekondari wa mtaa wetu hapa Katuba. Mteja alishusha mikono akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Ilikuwa Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, asubuhi ya baridi ile yetu ya Lubumbashi, huku Kongo, ambapo watu wanavua makoti saa nne. Nilifurahi labda kwa dakika kumi. Halafu macho yangu yakaenda kwenye kalenda ya parokia iliyoning'inia juu ya cherehani, nikakumbuka kwamba shule zimefungwa wiki moja iliyopita.

Hakukuwa na mtoto wa kulipiwa. Nilienda hata hivyo mpaka shuleni. Ofisi ya Papa Prefe, mkuu wa shule, ilikuwa na kufuli, na mlinzi alikuwa ameanika mahindi kwenye ngazi. Akaniambia nirudi mwisho wa Agosti.

Kwa msomaji wa mbali: hapa kwetu makuta ni pesa. Ilikuwa sarafu ndogo ya enzi ya Mobutu, makuta 100 kwa zaire moja. Sarafu imekufa, zaire imekufa, jina limebaki mdomoni. Na mimi naitwa Mama Kesi (kesi kwetu ni sanduku la pesa, si ya mahakamani) kwa sababu ndimi ninayeshika hesabu za kikundi chetu cha mama 18. Sikusomea uhasibu. Nimesomea kushona.

Kikundi kilianza kama likelemba tu. Kila Jumamosi kila mama anatoa faranga 25,000, jumla 450,000, na anayefikiwa na zamu anaondoka nazo zote. Hakuna karatasi ya mkataba, hakuna riba, kuna aibu peke yake, nayo inatosha. Baadaye tukaongeza kisanduku cha pembeni cha watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada.

Kufukuzwa nakujua. Baba yangu alikuwa mtu wa treni, na kulikuwa na miezi mingi ambayo mshahara ulikuwa habari tu. Mwaka nilipokuwa kidato cha tano nilirudishwa nyumbani mara nne. Mwalimu mwenyewe hakufukuzi. Anaingia mkurugenzi wa nidhamu na karatasi ya vijumba, anasoma majina polepole, na wewe unajifanya unatafuta kalamu chini ya dawati mpaka jina lako lifike. Halafu unabeba begi unapita katikati ya wenzako. Njiani unachukua njia ndefu ili usipite sokoni, maana shangazi zako watakuona.

Watu wananiuliza: si masomo ni bure siku hizi? Ni bure kwa shule ya msingi ya serikali. Katiba ya 2006 ilikwisha kusema hivyo, lakini utekelezaji ulianza Septemba 2019, na kwa kweli mtaa wetu ulibadilika, madarasa yalijaa mpaka watoto wakakaa wanne kwenye dawati la wawili. Lakini mtoto akimaliza darasa la sita, anapita mlango mmoja tu na bei inarudi. Gavana anatoa agizo la ada kila mwaka, kwa faranga, halafu shule inaongeza vyake vidogo vidogo. Shule tunayoshughulika nayo sisi inakuja kwenye faranga 210,000 kwa mwaka, kwa sehemu tatu za 70,000. Ndiyo maana watoto wetu wanapotea kati ya miaka 13 na 16. Wa msingi hawapotei sana.

Swali la pili ninaloulizwa, hasa na ndugu walio nje: na kampuni za migodi je? Mko juu ya shaba! Naomba nilijibu hili mara moja nisirudi tena. Sheria ya migodi ya 2018 inasema kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Ni kweli, na ni pesa nyingi. Lakini ni ya jamii zinazoguswa na mgodi wenyewe, vijiji na miji ya kandokando ya mashimo. Katuba ina vumbi, ina kelele, ina makanisa, haina mgodi. Kwa hiyo sisi tunategemea wafadhili wadogo: parokia, wafanyabiashara wachache, wanafunzi wa zamani walio ughaibuni, na hii taasisi moja ya hisani iliyotupa ruzuku. Sitaitaja jina, kwa sababu nataka kuilalamikia kidogo na bado naipenda.

Ruzuku yote ilikuwa dola 2,400. Tuliandika bajeti Februari kwa faranga 2,800 kwa dola: ada za watoto 30, na faranga 420,000 zinazobaki kwa chaki, madaftari na usafiri wa kijana wa chuo kikuu anayekuja Jumamosi kufundisha hesabu kwenye chumba cha parokia. Kumlipa mshahara ni marufuku. Kumlipa usafiri ni halali. Kwa hiyo yule kijana, anayekaa mitaa miwili kutoka parokiani na anakuja kwa miguu, ana usafiri.

Sasa hizo dola za Julai. Zilikaa karibu miezi miwili, na nataka kusema wazi ilivyo kukaa na pesa za watu katika mtaa ambako kila mtu anajua unazo. Wiki ya pili mama mmoja wa kikundi alifiwa na kaka yake. Kwenye kilio, usiku, tumeketi kwenye mkeka, akanisogelea akaninong'oneza: dola 200 za jeneza, atarudisha kabla shule hazijafunguliwa. Nilimwambia haiwezekani, si zangu. Akasema, "Na weye ulifukuzwa masomo, unajua shida, unanijibu hivi." Nilichanga zangu, kidogo nilichokuwa nacho. Alikaa mpaka Oktoba bila kunisalimia. Mpaka leo sijui kama nilitenda haki. Najua tu kwamba zingefika mwisho wa Agosti, lile swali lisingeulizwa.

Septemba ilienda vizuri. Nilibadilisha dola 900, nikalipa sehemu ya kwanza ya watoto wote 30, nikanunua chaki na madaftari, nikatenga za usafiri. Dola 540 nikaziacha zilale kama dola, kwa sababu tangu nizaliwe mtu mwenye akili hapa haweki akiba ya faranga. Awamu ya pili, dola 960, ingefuata ripoti. Ripoti niliipeleka mapema Oktoba, imeandikwa kwa mkono na kuchapwa na mpwa wangu, risiti zote zimebandikwa kwenye karatasi kama picha za harusi.

Ikarudishwa.

Tatizo lilikuwa risiti ya madaftari. Nilinunua kwa mama mmoja soko la Kenya (Kenya ni komini, yaani sehemu ya mji wetu, si nchi), ninayemjua miaka, bei nzuri, karatasi nzito. Risiti yake ina jina lake na sahihi yake. Wafadhili wanataka risiti yenye namba ya rejista ya biashara, namba ya kodi na muhuri. Yule mama hana hata kimoja, ana meza na mwavuli. Ilibidi nieleze kwa barua, barua isomwe, mtu wa kuisoma yuko safarini, arudi, aulize tena. Mwaka huu nimenunua duka la mjini lenye mihuri miwili. Madaftari ni mepesi zaidi na bei imepanda karibu robo. Karatasi zangu ziko safi.

Katikati ya hayo faranga ikafanya jambo ambalo hatukulizoea: ikapanda. Kuanzia mwisho wa Septemba dola ilianza kushuka, wiki kwa wiki, na wale vijana wa kubadilisha pesa barabarani wakawa wanakutazama kwa huruma ukitoa noti ya mia. Wengi walishangilia, mafuta ya kupikia yangeshuka, walisema. Mimi nilikuwa na ada za faranga na akiba ya dola. Zile 540 ambazo kwa bajeti zingelipa watoto 21 sehemu ya pili, nilipozibadilisha Novemba kwa 2,300 zililipa 17.

Watoto 13 wakafukuzwa. Siku ya Jumanne, mvua imeanza kweli kweli, walikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha kushonea na mabegi kichwani. Nakumbuka hakuna aliyelia. Msichana mmoja wa fani ya biokemia alikaa kwenye ngazi akafungua daftari na kuendelea kunakili somo la mwenzake, maji yanamdondokea kutoka kwenye bati langu, wino wa bluu unatambaa, naye anafuata mstari kwa kidole ili autangulie.

Jumamosi ile zamu ya likelemba ilikuwa ya mama anayeuza makala, yaani mkaa. Alikuwa amengoja tangu kiangazi. Alitaka mabati ya kibanda chake cha nyuma anakohifadhi magunia. Mama Prezidenti hakumwomba kitu, alisoma tu hesabu: watoto 13 mara 70,000, faranga 910,000. Kimya. Nje kuna mvua. Mama wa makala akatazama zile noti zilizofungwa kwa mpira, akasema, "Mulipe batoto. Mimi nitangoja." Wa zamu iliyofuata, kwa sauti ya mtu aliyenaswa, akasema na yeye atangoja.

Kwa 450,000 za kwanza tulirudisha sita. Jumamosi iliyofuata tukarudisha saba. Zilipungua 10,000 nikatoa mfukoni, na nimezisahau mpaka leo ninapoandika hivi. Papa Prefe, kwa haki yake, alikubali wale saba waingie darasani kwa ahadi ya maandishi. Alisema hajawahi kuona barua ya dhamana yenye sahihi 18, mbili kati yake alama za kidole.

Awamu ya pili iliingia Desemba, siku chache kabla ya likizo. Dola 960 zikawa faranga 2,208,000. Nikarudisha likelemba 900,000 siku hiyo hiyo. Mama wa makala alipata mabati yake, lakini magunia manne yalikuwa yamelowa, akayauza kwa bei ya kutupa. Nilitafuta kwenye fomu ya bajeti mahali pa kuandika magunia manne. Kuna mstari wa "mawasiliano na mwonekano", kwa ajili ya bango lenye nembo. Bango tunalo.

Kwa sehemu ya tatu ya ada zilipungua faranga 792,000. Hapo sina hadithi nzuri. Wazazi wengine walilipa nusu, mwenye duka la vyuma akatoa kidogo, parokia ikatoa kidogo, na watoto wanne bado wana deni ninapoandika.

Januari alikuja dada wa ofisi ya wafadhili kukagua. Kijana, viatu vyeupe, Katuba, mvua, unaelewa. Aliketi kwenye kiti cha wateja wangu na kupitia risiti moja moja kwa ncha ya kalamu. Akafika za Novemba akasimama.

"Mama, hizi kumi na tatu. Awamu ya pili ilikuwa haijafika. Makuta ilitoka wapi?"

Moyo ulinidunda, nilidhani naitwa mwizi. Nikamtuma mtoto akamwite mama wa makala. Alikuja na mikono yake myeusi, akaeleza yote akiwa amesimama, pamoja na magunia. Yule dada aliacha kuandika, akamsikiliza, halafu akaandika kwa muda mrefu. Aliuliza likelemba inafanyaje kazi, nani anashika pesa, mtu akishindwa inakuwaje. Akauliza mbona hatukuwaambia Februari kwamba Julai haitufai. Nikamjibu kwamba fomu haikuuliza.

Wiki iliyopita imekuja fomu mpya. Dola ni zilezile 2,400, bajeti sasa inaruhusiwa kwa faranga, na kwenye ukurasa wa pili kuna kijumba ambacho hakikuwepo: "Tarehe mnayohitaji awamu ya kwanza." Nimejaza 25 Agosti. Mama Prezidenti amesoma juu ya bega langu, anataka niandike na saa.