Mafuta mazuri baada ya eda

Mume wangu alifariki mwezi 3 Mfunguo Nne, siku ya tatu ya Muharram. Eda yangu ikaisha mwezi 13 Mfunguo Nane, miezi minne na siku kumi, na tangu siku ile nimekuwa nikijipaka mafuta mazuri, aina moja kwa siku, nikiyasikiliza kwenye ngozi kuanzia asubuhi mpaka usiku. Naandika sasa kwa sababu harufu haihifadhiki kichwani kama maneno. Wiki mbili nikichelewa, nitabaki nasema tu kwamba hii nzuri, ile kali.

Aliyekaa eda anajua. Hakuna wanja, hakuna hina, hakuna dhahabu, hakuna udi. Nilikuwa naoga sabuni ya mche, ile ya kufulia. Siku za mwanzo sikuliona kuwa ni jambo, mtu mwenye msiba hakumbuki manukato. Kwenye mwezi wa pili ndipo pua iliponifunguka. Nimekaa chumbani, mlango nimeurudisha, nikawa nawajua wanaokuja kunipa pole kabla hawajapiga hodi. Huyu ametoka kukaanga samaki. Huyu baibui lake limefukizwa jana. Huyu amebeba mtoto mchanga. Hata ukuta wa chokaa mvua ikinyesha ulikuwa na harufu yake, na miaka yote niliyoishi nyumba hii sikuwahi kuisikia.

Siku ya kutoka alikuja mama mdogo pamoja na somo yangu, yule yule aliyenifunda nilipokuwa mwari, sasa mzee na macho hayaoni vizuri. Wakaniogesha, wakanivika kanga mpya. Mama mdogo akafungua chupa ya asumini akanipaka nyuma ya masikio. Nilidhani ningefurahi. Kichwa kilizunguka nikashika ukingo wa kitanda, machozi yakanitoka bila kwikwi, na somo akawa ananipapasa mgongo tu bila kusema neno.

Jirani mmoja akaniambia palepale, kwa mapenzi kabisa: "Alhamdulillahi, leo umenukia. Bado kijana wewe, Mungu atakujaalia mwengine." Sikumkasirikia. Lakini usiku ule neno lake lilinikesha, kwa sababu kwetu mafuta ya mwanamke yana mwenyewe. Unajifukiza, unajipaka, unavaa kikuba, yote kwa ajili ya mumeo, na ukitoka nje harufu ibaki ndani. Ndivyo nilivyofundwa na ndivyo nilivyoishi miaka kumi na tisa. Sasa mume hayupo. Najipaka kwa ajili ya nani?

Nikamkumbuka Bi Umm Habiba, mke wa Mtume (S.A.W.). Baba yake, Abu Sufyan, alipofariki, siku ya tatu aliagiza manukato yenye rangi ya manjano, akampaka msichana aliyekuwepo, kisha akajipangusia mwenyewe mashavuni. Akasema hana haja na manukato, ila amemsikia Mtume akisema haimhalalikii mwanamke kuomboleza zaidi ya siku tatu, isipokuwa kwa mumewe, miezi minne na siku kumi. Nimeisikia hadithi hiyo darasani tangu utotoni, na siku zote ikitajwa kwa ajili ya hesabu ya siku. Safari hii yaliyonishika ni yale mashavu. Mwanamke hana haja, na bado anajipaka.

Basi asubuhi nikatoa kisanduku changu.

Nilianza na asumini ile ile ya mama mdogo, nikaipaka kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Saa ya kwanza ni mbichi, kama ua lililochumwa magharibi na umande wake. Adhuhuri imeshakuwa nzito, na kufika alasiri ilikuwa kama shada lililolala kwenye bakuli la maji mpaka maji yakabadilika. Waliosomea mambo haya wanasema ndani ya asumini mna kitu kiitwacho indoli, na kitu hicho hicho kimo kwenye kinyesi. Naamini. Ua la kweli lina uchafu kidogo ndani yake, ndiyo maana likawa zuri. Lakini kwenye ngozi yangu mimi uchafu ule unashinda. Asumini naipenda kwenye nywele, ikiwa ua, usiku mmoja. Mafuta yake nimempa binti yangu, na kwake yanakaa vizuri mpaka jioni.

Siku ya pili, langilangi. Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Nyumbani kwa bibi, Pemba, ulikuwepo mlangilangi mmoja uani. Maua yake huanza ya kijani, yamelegea kama vidole vya mtu aliyelala, hata huyaoni katikati ya majani. Yakishageuka manjano ndiyo yamewiva. Bibi alikuwa akituamsha alfajiri tuyachume, maana jua likipanda harufu inaondoka nalo. Tukiyamimina kwenye chano, yeye anachagua ya manjano peke yake, anayatia kwenye chupa ya mafuta ya nazi, anaianika juani siku kadhaa, anayatoa yaliyochoka anatia mapya. Mafuta yale tulipakwa sote, wake kwa waume, kichwani na miguuni, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Wakati huo sikujua kwamba ndugu zetu wa Ngazija na Nzwani, visiwa vya Komoro, wanaishi kwa ua hili, wanalikeneka, yaani wanalichemsha kutoa mafuta yake, na kuyapeleka Ufaransa, na kwamba marashi ya Chanel No. 5 yaliyotoka mwaka 1921 yana langilangi ndani. Kwetu yalikuwa mafuta ya kwenda chuoni.

Chupa niliyo nayo sasa ilitoka Moroni, Ngazija, nililetewa zawadi. Nimedondosha tone moja, nikalisugua kwa kidole. Kwanza yalinipiga puani, makali, yana kitu cha ndizi mbivu sana. Nusu saa baadaye ule ukali umekwenda, imekuja karafuu ya mbali. Saa nne baadaye imekuwa laini kama maziwa yaliyotiwa iliki, na usiku nilipolaza shavu juu ya mkono nikakuta kitu kikavu, kitamu, kidogo kabisa, ambacho nilikuwa nakijua. Mto wa bibi.

Wanaokeneka langilangi huchemsha maua kwa saa nyingi, hata kucha kutwa, na mafuta hawayakingi kwenye chombo kimoja. Ya mwanzo huwekwa mbali na yanauzwa ghali zaidi, kisha yanayofuata, na yanayofuata hayo. Nilipokuwa nanusa mkono wangu usiku ule niliona ngozi nayo inafanya kazi ile ile kwa moto wake mdogo, inatoa la kwanza, inatoa la pili, na lile zito inabaki nalo mpaka asubuhi. Kwa hiyo namuomba kila anayenunua mafuta: usiamue dukani. Juzi nilikwenda duka moja Darajani, kijana akanipaka aina saba kwenye mikono miwili kwa dakika tano, huku anasema, "Mama, hii ndiyo yenyewe, mama, na hii sikiliza." Nilirudi nyumbani sijui kilichonukia ni kipi. Paka moja, rudi nyumbani, pika, fua, swali, lala. Kesho yake ndiyo utajua kama umenunua mafuta au umenunua dakika zake kumi za kwanza.

Na mengine ni maji matupu, yaani mafuta yasiyo na kitu. Yamechanganywa na mafuta mengine yasiyo na harufu mpaka yamekufa. Unayajua kwenye ngozi: mkono unang'aa, unateleza, na pua haisikii kitu.

Ya karafuu sikuyajaribu. Niliwahi kuyapaka shingoni nikiwa msichana, yale yanayokenekwa kwa makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kule Wawi, Pemba, nikidhani kila kinachonukia ni cha kujipaka. Yaliniunguza. Ngozi ilibaki nyekundu siku tatu. Yana nguvu hata madaktari wa meno huyatumia kutia ganzi, na mtu akiyataka mwilini ayachanganye na mafuta ya nazi, tone moja kwa kijiko.

Waridi nimelivaa siku moja, nikalifungia kabati. Zuri mno, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta yake ya kweli hula kilo 3,000 hadi 4,000 za majani ya ua, sistahiki kulivalia jikoni. Libaki la Idi.

Miski nyeupe ilinishangaza. Ile miski twahara, nzito, inayotoka kwenye chupa kama maziwa ya mgando. Nilipaka kifuani baada ya kuoga, nikasikia kama nguo iliyokauka juani, na baada ya dakika kumi sikusikia chochote. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Binti yangu akaingia kutoka shuleni, yupo mlangoni bado, akasema, "Mama, leo umejimwagia?" Kumbe nyumba nzima inanukia na mimi peke yangu ndiye nisiyesikia. Miski ya asili ilitoka kwa paa wa milima ya Himalaya, na hii ya leo karibu yote ni ya maabara. Wataalamu wamegundua kwamba wapo watu wengi ambao pua zao hazizisikii baadhi ya miski hizo, kila mmoja na yake. Nimeambiwa na marehemu mara nyingi, "Leo umepaka ile miski," nami nikidhani ananipoza tu, kwa kuwa mimi nilishaona imekwisha. Alikuwa anaisikia kweli. Alikuwa anaisikia saa zote zile nilizodhani sinukii.

Nimebakisha haludi, mafuta ya udi.

Chupa hii aliinunua marehemu mwenyewe Matrah, Muscat, robo tola, kama gramu tatu hivi, ya Kihindi. Kifuniko chake kina kijiti cha kioo. Kila Alhamisi usiku alikuwa akikichovya, anapaka mkono wake kwanza, halafu wangu, kwa kijiti kile kile bila kuchovya tena. Anayeisikia haludi ya Kihindi kwa mara ya kwanza huenda akaiweka mbali: inaanza na zizi la ng'ombe, ngozi mbichi, majani yaliyooza. Vipande vya mti wa udi hulowekwa majini wiki kadhaa kabla ya kukenekwa, na ule uchachu ndio unaobaki ndani ya mafuta. Lazima uwe na subira nayo. Baada ya saa moja au mbili zizi linaondoka, na hapo mimi na yeye tulikuwa tunaachana. Kwake ilikuwa asali. Kwangu ilikuwa moshi, kama chetezo kilichozimika. Chupa moja, kijiti kimoja, na tulikuwa tunanusana mikono kuhakikisha.

Nimeiogopa siku kumi na moja. Jana, Alhamisi, nimeifungua.

Nilipaka mkono mmoja, nikakaa. Nilikuwa nangoja asali. Najua haina akili, lakini nilikaa saa mbili na nusu kwenye kiti karibu na dirisha nikiingoja. Ulikuja moshi. Moshi wangu, ule ule wa miaka yote, mzuri, umetulia. Na nilipouweka mkono usoni nilijiona mimi, siyo yeye: mimi niliyekuwa nikilala upande wa ukutani, mimi wa Alhamisi, ambaye sikuwa nimemkumbuka hata mara moja ndani ya eda nzima. Nilikuwa nimemlilia mume tu.

Leo kijana wangu, ana miaka kumi na saba, alikuwa anajitayarisha kwa Swala ya Ijumaa. Amevaa kanzu, akaja chumbani akaiona chupa juu ya meza. Akaniuliza, "Mama, naweza kupaka kidogo ya baba?" Nikampaka mimi, kifundo cha mkono na nyuma ya sikio. Aliporudi msikitini akanishika mkono kuubusu, kama wanavyofanya, nami nikaugeuza mkono wake nikaunusa.

Haikuwa asali. Wala haikuwa moshi. Ilikuwa kitu kibichi, kama mbao mpya iliyorandwa, kina utamu kidogo chini yake ambao bado haujafika. Nikanusa tena. Yeye amesimama ananingoja, haelewi, kofia imemkaa upande.

Nimeosha kile kichupa kitupu kilichokuwa na asumini, nimekikausha juani, na nimemmiminia nusu.