Kumtafuta Newsted kutoka Nkuhungu

Wapenzi wa muziki wa metali, ile roki nzito, hapa Dodoma tunajuana kwa sura, na ubishi wetu mkubwa ni "...And Justice for All", albamu ya Metallica ya 1988. Nyimbo kali, magitaa makali zaidi, lakini mpiga besi Jason Newsted, aliyeingia baada ya Cliff Burton kufariki kwa ajali ya basi Uswidi mwaka 1986, hasikiki. Toleo la 2018 lilisafishwa, miksi, yaani uwiano wa ala, ikabaki ileile.

Basi naimasta mwenyewe, yaani narekebisha sauti ya faili lililokwisha kamilika, kwa masikio yangu tu, si ya kusambaza. Laptop ya mtumba, hedifoni, madirisha yamefungwa maana upepo wa Nkuhungu ukianza vumbi linaingia hadi kwenye kibodi.

Kazi yenyewe ni ya kubembeleza. Ukipandisha masafa ya chini, hezi 80 hadi 100, besi inachomoza, lakini ngoma ya mguu nayo inavimba. Kwenye faili la stirio vyote vimeshapikwa sufuria moja. Nimeongeza desibeli 3 tu, kisha nikapunguza kidogo kwenye hezi 3,000, pale ngoma ya mguu ya mpiga ngoma wao Lars Ulrich inapotoa ule mlio mkavu wa tak-tak. Afadhali! Gitaa limepata kifua.

Ukubwa wa sauti sikuugusa. Anayetaka kujua madhara ya kuupandisha mno asikilize albamu yao "Death Magnetic" ya 2008: vilele vya mawimbi vimekatwa bapa, na kilichokatwa hakirudi.

Jirani yangu, mtu wa singeli, kaisikia kwenye sabufa akauliza, "Kaka, hawa wanagombana na nani?" Nikamwekea wimbo wa pili. Akaomba nipunguze.