Meka ya unga na tani ya shaba

Mwezi Machi 2024, katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mama ninayemnunulia unga aliweka kando meka yake, chombo anachopimia unga, akanionyesha gunia lililobaki nusu, lenye maandishi ya kiwanda cha Zambia. "Papa, kule ng'ambo mvua imegoma," akaniambia, "sasa sisi tutapika bukari ya nini?" Bukari ndiyo ugali wetu. Swali hilo hunirudia kila ninaposoma makala zinazolinganisha Kongo na Zambia kwa tani za shaba peke yake.

Kwa shaba, tumekwisha kuwapita, kwani Kongo sasa inaongoza Afrika nzima, na kwa kobalti haina mpinzani duniani. Mwamba wenyewe ni uleule, umepita chini ya mpaka ambao wakoloni waliuchora wapendavyo. Hata historia inafanana: Rais Mobutu aliitaifisha Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi, mwaka 1967, ikazaliwa kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines, Rais Kaunda wa Zambia naye akachukua asilimia 51 ya migodi ya kwao miaka michache baadaye. Pande zote mbili kampuni za dola zilidhoofika mpaka wageni wakafunguliwa mlango tena.

Tunapoachana ni kwenye unga. Katanga, eneo letu hili la migodi, imezoea kulishwa kutoka kusini tangu enzi za Union Minière, iliyokuwa ikiagiza mahindi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kwa ajili ya wafanyakazi wake, na mazoea hayo hatujayaacha. Zambia ilifunzwa kwa uchungu. Desemba 1986 serikali ilipopunguza ruzuku ya unga, miji ya Copperbelt, ukanda wao wa shaba, ililipuka kwa ghasia, watu wakafa, na ruzuku ikarudishwa haraka. Mwaka 1990 bei ikapandishwa, ghasia zikarudi, na mwaka uliofuata Kaunda akashindwa katika uchaguzi. Tangu hapo kila anayeingia Ikulu ya Lusaka humwangalia mkulima wa mahindi kwa jicho la tahadhari: mbolea hutolewa kwa ruzuku, na wakala wa serikali hununua mavuno kwa ajili ya akiba ya taifa. Utaratibu huo unakula fedha nyingi na una mianya yake, lakini mahindi yanapatikana. Huku kwetu sijawahi kuona waziri akipoteza kiti kwa sababu ya bei ya meka.

Sisemi kwamba jirani ana raha. Alianza kukopa kwa hatifungani za kimataifa mwaka 2012, na kufikia Novemba 2020 akashindwa kulipa. Sisi hatukuzama hivyo, ingawa sidhani kwamba ilikuwa busara yetu: baada ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni mwaka 2010, ni wachache waliokuwa tayari kutukopesha tena.

Ukame wa 2024 uliwaanika wote wawili. Rais Hichilema alitangaza janga la taifa mwishoni mwa Februari, maji ya bwawa la Kariba yakapungua, na nchi inayotegemea maporomoko na mabwawa kwa umeme ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Sisi tuna bwawa la umeme la Inga, na waya wake umevutwa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi, ilhali jirani zangu wengi bado wanapikia makaa. Agosti mwaka huohuo Kongo ilizuia bia na soda kutoka Zambia, mvutano ukazuka, na Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa kwa muda mfupi. Malori yalisimama, na Zambia nayo ikaumia, kwa kuwa sisi ni wateja wake wakubwa.

Mavuno ya Zambia ya 2025 yalikuwa makubwa, na nilipopita sokoni nilimkuta mama yule ameketi kati ya magunia yaliyojaa. Nilimpa noti ya dola kumi. Akainyanyua kwenye mwanga, akapitisha kidole pembeni kutafuta mpasuko, kisha akanihesabia chenji kwa faranga.