Homa ya mafua ikiingia hosteli

Homa ya mafua ikiingia hosteli haibishi hodi. Mtu anaanza kuambukiza kama siku moja kabla hata hajajisikia vibaya, halafu anaendelea siku 5 mpaka 7 baada ya kuanza kuumwa, sasa fikiria chumba cha watu wanne, kikombe kimoja kinazunguka, chaja inapita mikono yote, kitasa cha mlango ndo usiseme. Ukiumwa kaa chumbani jamani, mpaka homa ikate masaa 24 bila dawa ya kuishusha.

Na walimu nao walegeze kidogo, hili ndo linaniuma zaidi, maana mwanafunzi akijua akikosa kipindi anakatwa maksi atakuja tu na homa yake, atakaa katikati ya ukumbi anakohoa. Antibayotiki haziui kirusi cha mafua, msigawiane. Chanjo inachukua kama wiki 2 kufanya kazi so chomeni mapema, na mwenye pumu au mjamzito awahi kituo cha afya, dawa za kupambana na kirusi zinasaidia zaidi zikianza ndani ya masaa 48 tangu aanze kuumwa. Anayeumwa mpelekeeni chakula mlangoni, asitoke kupanga foleni kantini.