Siku Tuliyokata Miguu ya Mabenchi

Mkaguzi wa elimu alizunguka ukumbi wa kanisa tuliotaka utumike pia kama shule ya watoto, akachungulia madirisha, akaridhika na vyoo, kisha akamwita mtoto wa katibu wetu akae kwenye benchi. Miguu ikaning'inia. Akaandika kitu kwenye faili lake, akatuambia kibali hakitatoka mpaka watoto wapate viti vya kimo chao.

Fedha hatukuwa nazo. Michango ya wazazi ilikuwa imeishia kwenye vyoo na ubao. Wakubwa wetu wa kanisa walishatuletea barua yenye baraka tele, bila hundi.

Jioni ile kamati ilikaa pamoja na waumini. Mchungaji alianzia mbali, kwa Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, ambaye mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule za Kikristo. Aliwauliza, ikiwa kila mwaka wanatoa fedha nyingi kwa bunduki, barabara na madaraja, kwa nini wasitoe pia za kumweka mwalimu mmoja au wawili wa vijana maskini? Tukaitikia amina. Mweka hazina akanyoosha mkono.

"Mchungaji, hao madiwani walikuwa na kodi. Sisi tuna kapu la sadaka."

Ndipo fundi seremala, mtu wa kuja vikaoni na kuondoka bila neno, akasema, "Viti vipo, wazee wangu. Ni virefu tu."

Ukumbi ukachafuka. Mabenchi yale mengi yalitolewa kuwakumbuka marehemu, majina yao yamechongwa kwenye egemeo. Mwingine alisema tunanajisi nyumba ya Mungu. Mwingine akauliza kama shule yenyewe ni ya lazima, swali ambalo hakuwahi kuliuliza tulipokuwa tukichimba vyoo. Kabla ya jioni ile hakuna aliyekuwa ameipinga shule. Usiku ule nilijua nani anaitaka na nani alikuwa anapenda tu kuisikia ikitajwa.

Akasimama mama mmoja mjane. Benchi la mbele kabisa lilikuwa na jina la mumewe.

"Baba yule hakukaa mbele hata siku moja," alisema. "Alikaa mlangoni apate kutoka mapema. Kateni."

Watu walicheka mpaka Mchungaji naye akashindwa kujizuia. Baada ya hapo kupinga kukawa kugumu.

Asubuhi fundi alimsimamisha yule mtoto, akampima kwa kamba kuanzia nyuma ya goti hadi kwenye kisigino, akaweka alama za penseli kwenye miguu yote minne ya benchi. La kwanza likatoka likiyumba, kwa sababu sakafu yetu ina bonde. Akalipachika kipande cha mti chini ya mguu mmoja, akalikalia mwenyewe, akatikisa kichwa, akapunguza tena. Kufikia la tatu mkono ulishazoea.

Mkaguzi aliporudi alitia saini bila maneno mengi. Jumapili waumini waliketi magoti yakikaribia kidevu, na mchango wa mabenchi mapya ya kanisa ukakamilika upesi kuliko mchango wowote tuliowahi kuitisha kwa ajili ya shule.